MBWA NI NAJISI, LAKINI NANI KATUAMBIA TUMPIGE MAWE?



Ndugu zetu wazazi, na nyinyi vijana wetu wanafunzi, leo tunataka tusemezane juu ya jambo ambalo wengi watalicheka kabla hawajalisoma: kuwaokoa mbwa na paka wa mitaani, kuwalea kwa muda na kuwatafutia matibabu. Tunaomba msome mpaka mwisho, kisha mcheke ikiwa bado mtaona pana cha kuchekesha.

Mwanafunzi wetu mmoja hapa Buyenzi, mtoto wa miaka tisa, aling'atwa na mbwa mguuni akiwa njiani kuja madrasa. Hakumwambia mtu. Alijifunga kitambaa, akashusha suruali, akaketi mkekani na wenzake akasoma kama kawaida. Siku ya tatu ndipo mama yake alipoliona jeraha. Alipoulizwa kwa nini alificha, akasema aliogopa mwalimu atamfukuza kwa kuwa ana najisi ya mbwa, na aliogopa kuulizwa alimfanya nini huyo mbwa. Kwani yeye na wenzake walikuwa wakimpiga mawe. Alhamdulillah, alipelekwa hospitali, jeraha likasafishwa, akaanzishiwa sindano za kinga, na leo ni mzima.

Ndugu zetu, mwalimu aliyeogopwa ni sisi. Tulimfundisha kuwa mbwa ni najisi, na kuwa chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Mtoto alihifadhi vizuri. Hatukumfundisha hata siku moja kuwa mbwa ni kiumbe cha Allah kinachosikia njaa na maumivu, wala kuwa akimng'ata akimbilie maji na sabuni kisha aje atuambie. Tulimpa nusu ya somo, na nusu hiyo ilikaribia kumuua.

Basi tuseme wazi: hukumu ya najisi ni hukumu ya kuosha. Haina maana nyingine. Sisi huku tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi'i, na kwetu mbwa ni najisi. Ndugu zetu wa Kimaliki wanaona ni tohara. Hatuji leo kubadilisha madhehebu ya mtu. Lakini damu pia ni najisi, na hatujaona Muislamu akimpiga mawe majeruhi kwa kuwa anatoka damu. Tunamfunga jeraha, kisha tunajiosha. Kwa nini kwa mbwa akili zetu zinageuka?

Tena ni wangapi wanaoijua hukumu yenyewe? Najisi hupita kwa unyevu. Mbwa mkavu akipita karibu na kanzu kavu, hakuna kilichoharibika. Wazazi wanapiga kelele kana kwamba mtoto ametoka katika Uislamu, na mtoto anajifunza kuwa huyu ni adui, na adui hupigwa.

Sasa tutazame aliyotufundisha Mtume wetu (s.a.w.). Katika Sahih Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke mzinifu wa Bani Israil aliyemuona mbwa akizunguka kisima, karibu kufa kwa kiu. Akavua kiatu chake, akakifunga kwa mtandio wake, akamtekea maji. Allah akamsamehe kwa kitendo hicho. Na imo habari ya mwanamke mwengine aliyemfungia paka ndani, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini, akaingia Motoni kwa ajili ya paka huyo. Tuziweke habari hizi mbili pamoja. Mmoja aliokoka kwa maji ya kiatu kimoja, na aliyempa ni mbwa, mnyama huyu huyu tunayemwita najisi.

Na Qur'ani je? Watoto wetu wanaisoma Suratul Kahf kila Ijumaa, na ndani yake wamo vijana wa pangoni na mbwa wao, ametajwa pamoja nao amenyoosha miguu yake mlangoni. Wanamsoma mbwa asubuhi na wanamrushia jiwe jioni. Makosa hayo si yao. Ni ya anayewasomesha herufi bila maana, na hapo tunajinyooshea kidole wenyewe.

Tunajua majibu tutakayopewa. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza: "Mtume aliamrisha mbwa wauawe." Anayesema hivi amesoma mwanzo wa Hadithi akafunga kitabu. Katika Sahih Muslim amri hiyo imefuatiwa na katazo, na wanazuoni wa Kishafi'i, akiwemo Imamu An-Nawawi, wameeleza kuwa mbwa asiyedhuru hauawi. Mbwa mkali anayeshambulia watu ana hukumu yake. Hukumu ya mbwa mkali huwezi kumvika mbwa aliyevunjika mguu, amelala chini ya mkokoteni.

Jibu la pili: "Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa." Ni kweli, na Hadithi hiyo tunaiheshimu. Pia tunajua kuwa anayefuga mbwa bila ya haja ya kuwinda, mifugo au shamba hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Nani kasema mumweke chumbani au mumpeleke kitandani? Tunazungumzia kona ya uani, gunia kuukuu, bakuli lake peke yake, wiki tatu au nne mpaka apone na apate pa kwenda, kama vile kwa mwenye ng'ombe, mwenye shamba au mwenye haja ya mlinzi. Kumtibu si kumfuga. Ukimgusa kwa haja ya tiba, unajua namna ya kujitoharisha, na sheria haikukuacha bila njia.

Na paka je? Paka ametolewa kabisa katika mjadala huu. Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, na alipoona mkwewe anastaajabu, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, yeye ni katika wanaozungukazunguka miongoni mwetu. Basi wanaoviweka vitoto vya paka katika mfuko wa plastiki wakaenda kuvitupa jalalani, wana hoja gani mbele ya Allah? Hapo hakuna hata najisi ya kusingizia.

Jibu la tatu: "Hayo ni mambo ya Wazungu." Jibu hili ndilo linalotuudhi zaidi, kwa sababu ni kuwapa wengine urithi wetu kwa ujinga. Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277, aliweka wakfu wa bustani karibu na msikiti wake mjini Cairo kwa ajili ya kuwalisha paka. Zaidi ya miaka mia tano baadaye, Mwingereza Edward Lane aliyeishi Cairo aliandika kuwa kadhi bado alikuwa akiutimiza wakfu ule, paka wakikusanyika kila siku alasiri katika ua wa mahakama kulishwa. Huyo ni Mzungu anayestaajabu kwa yale aliyoyaona kwa Waislamu. Leo sisi tunamwambia kijana wetu anayemfunga kidonda paka kuwa anaiga Wazungu!

Jibu la nne: "Watu wana njaa, nyinyi mnahangaikia mbwa." Tumeishi na njaa katika mitaa hii, hatuhitaji kukumbushwa. Lakini tumewatazama wanaosema hivyo, na mara nyingi si wao wanaowalisha watu. Aliye na huruma kwa yatima hukuta huruma hiyo haiishi akimpa paka vichwa vya dagaa. Maji katika kopo la rangi hayapunguzi sahani ya mtu. Gharama ya daktari wa mifugo ndiyo nzito kwa nyumba moja, hilo tunakubali, na ndiyo maana tunasema majirani wachangiane.

Na wapo wanaosema: "Wawekewe sumu tu, tupumzike na kichaa cha mbwa." Hawa tuwajibu kwa hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote wakiwa wameupata kwa mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Ni ugonjwa wa watoto wetu. Lakini kuua mbwa ovyo hakuumalizi, kwani wakiuawa hawa, wengine wasiochanjwa huja kuchukua nafasi. Kinachoumaliza ni kuchanja, na wataalamu wanasema tufikie mbwa 70 katika kila 100.

Mfano hauko mbali. Kisiwa cha Pemba, ambacho wakazi wake karibu wote ni Waislamu wa Kishafi'i kama sisi, kiliwachanja mbwa wake mwaka hadi mwaka, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wakarudi kuchanja, na mwaka 2018 wakautokomeza mara ya pili. Hebu tufikiri: ili kuchanja mbwa, lazima mtu amkamate, amshike, ampeleke kwa daktari. Mtaa ambao kila mbwa anamkimbia binadamu kwa kuogopa mawe, huo hauchanjiki. Jiwe la mtoto wako leo linamlinda kirusi kesho.

Sasa tufanye nini? Haya ni machache tuliyoyajaribu na tuliyoelekezwa na daktari wa mifugo:

1. Mtoto asimshike mnyama asiyemjua. Akimuona aliyejeruhiwa, aje amwite mtu mzima. Mwambieni leo hii kuwa hatapigwa wala kufukuzwa.

2. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa au paka, jeraha lioshwe hapo hapo kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Si kusubiri siku tatu, si kwenda kwa mganga. Mbwa aliyeng'ata, ikiwezekana kwa usalama, afungiwe na atazamwe siku 10 na daktari wa mifugo ajulishwe.

3. Mnyama mgonjwa apewe maji, kivuli na utulivu kwanza. Paka msimpe panadol hata robo, ni sumu kwake na humuua. Vitoto vya paka msivipe maziwa ya ng'ombe, huwaharisha. Na kama mama yao yupo, msiwatenganishe naye kabla ya wiki nane.

4. Nyumba tatu au nne zishirikiane. Mmoja ana uwanja, mmoja ana baiskeli ya kumpeleka, wengine wachange. Muulizeni daktari mambo matatu: chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo na dawa ya kupe na viroboto. Mkiwa na wanyama kadhaa, mwombeni aje siku moja awatazame wote.

5. Juu ya kuwafunga uzazi, wanazuoni wamekhitalifiana, na wengi wa zama hizi wanaruhusu penye maslahi na pasipo na mateso. Paka hubeba mimba miezi miwili tu na huweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Anayeona vigumu kumhasi, amuulize sheikh wake, lakini asije baadaye na mfuko wa plastiki.

6. Kabla ya kumtoa mnyama aliyepona, hakikisheni anakwenda kwa mtu mwenye haja naye na atakayemlisha. Kumtupa mtaa wa pili si kumpatia makazi.

Tumalizie na mbwa yule yule. Alikuwa jike, ana vitoto vinne nyuma ya ukuta, na alikuwa akivilinda dhidi ya mawe ya wanafunzi wetu. Daktari alimtazama siku kumi, hakuwa na kichaa. Mzee mmoja jirani alimpa kona ya uani mwake, sisi walimu tukachangia chanjo, na vitoto vilipokua vikachukuliwa na wafugaji. Mama yao sasa analinda kibanda cha mkaa. Mtoto aliyeng'atwa ndiye aliyekuwa akipeleka maji kila jioni, anaweka kopo, anarudi nyuma, kisha anakwenda kunawa. Kunawa hatukumfundisha upya, alikwishakujua. Tulichomfundisha upya ni kupeleka maji.

Walimu wenzetu, wiki hii mnapofika mlango wa tohara, msiishie kwenye udongo na mara saba. Ongezeni habari ya kisima na kiatu, siku hiyo hiyo, katika somo hilo hilo. Na nyinyi wazazi, mtoto akirudi akawaambia amempa mbwa maji, kabla hamjamuuliza kama amejiosha, mwambieni kwanza Allah amlipe.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa tuliyoyafundisha nusu nusu, na ututie huruma kwa viumbe vyako ili nawe uturehemu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.