Magari Madogo na Watu Wakubwa

Wapo watu wazima, na baadhi yao ni walimu wenzangu, wanaoamini kwamba kijana aliyeingia shule ya sekondari hana budi kuyaacha magari madogo nje ya lango, kama mvuvi aachavyo nyavu mbichi nje ya nyumba. Husema kwamba kuunda mfano wa gari kwa waya au plastiki ni mchezo wa watoto, kwamba hauleti alama, na kwamba saa iliyotumiwa kupaka rangi mlango wa lori lenye urefu wa shubiri moja ni saa iliyoibwa katika hesabu. Maneno hayo nimeyasikia katika chumba cha walimu, nimeyasikia kwa wazazi siku ya kufunga shule, na kwa aibu yangu nimewahi kuyasema mimi mwenyewe. Leo nakusudia kuyapinga, wala sitayapinga kwa upole, kwa kuwa hasara yake nimeiona kwa macho.

Msomaji ambaye hajafika Kombewa na ajue kwanza habari za mahali petu. Barabara itokayo Kisumu kwenda Bondo huachana na ile ya Busia pale Kisian, ikapita karibu na mawe makuu ya Kit Mikayi, na kufika kwetu. Chochote kipitacho juu yake, matatu, lori la mchanga, au Canter iliyojaa magunia ya omena, watoto hukitazama mara moja na kukiunda upya kabla ya jua kutua. Zamani, nami nikiwa mmoja wao, tulitumia waya wa ua na makopo ya bati. Magurudumu tuliyakata katika kandambili zilizochakaa, na usukani ulikuwa waya mrefu uliopanda kutoka ekseli ya mbele hata kifuani mwa dereva, ili aliendeshe gari huku akikimbia nyuma yake. Gari lililokata kona bila kupinduka lilimpa mwenyewe heshima kuliko ya kiranja. Siku hizi makopo ya bati yamepungua, na plastiki imeshika mahali pake. Mtungi mmoja wa mafuta ya kupikia, ule wa lita 20, hutoa vipande vya kutosha kuunda matatu nzima pamoja na milango yake.

Sasa nieleze kosa langu. Mimi ni mwalimu wa hisabati na fizikia. Katika miaka yangu ya mwanzo ya kazi, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu na chaki mfukoni na kiburi kichwani, kijana mmoja wa kidato cha pili aliunda matatu ya abiria 14. Hakuikisia. Alimwomba dereva ruhusa, akaipima matatu ya kweli kwa utepe wa fundi cherehani: urefu mita 4.7, upana mita 1.7. Kila kipimo alikigawanya kwa 24, akapata sentimita 19.6 na sentimita 7.1, na kwa vipimo hivyo akaukata mtungi wake. Akaipaka rangi nyeupe, kisha akazungusha ule ukanda wa manjano ambao sheria ya mwaka 2004 iliuamuru kwa matatu zote nchini. Baada ya siku mbili ukanda ukaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Akaupaka tena, ukabanduka tena. Ndipo aliponiletea gari lake saa ya masomo ya jioni, akaniuliza, "Mwalimu, mbona rangi inakataa kushika?"

Sikujua. Hiyo ndiyo kweli yote, na ingalikuwa rahisi kuisema. Badala yake nilimwuliza kama amekuja shuleni kusoma au kucheza, nikamnyang'anya matatu yake, na asubuhi yake ikaenda shimoni pamoja na takataka za darasa. Kijana hakulia. Alisema, "Ndiyo, mwalimu," akaenda kuketi. Tangu jioni ile hata alipomaliza kidato cha nne hakuniuliza tena swali lolote.

Jibu nililipata baadaye, na halikuwa gumu. Mitungi ya namna ile hutengenezwa kwa polithini, plastiki isiyopenda kushikana na kitu: mafuta hayaungi nayo, gundi hainati, na rangi hukaa juu yake kama mgeni asiyekaribishwa. Magari ya plastiki yanayouzwa madukani ng'ambo, yale yaliyomo sandukuni vipande vipande, aghalabu huundwa kwa polistirini, na hiyo ina tabia nyingine kabisa. Gundi yake huziyeyusha kidogo nyuso mbili zinazogusana, zikaingiana na kuwa kitu kimoja, kama chuma kilichochomelewa. Ningalijua hayo, ningalimwambia kijana ausugue mtungi kwa msasa laini, auoshe kwa sabuni, aukaushe, kisha apake rangi nyembamba mara nyingi kuliko nene mara moja. Na hata hivyo ningalimwonya kwamba huenda ikabanduka. Au, lililo jepesi zaidi, ningalimshauri aunde matatu yake kwa mtungi mweupe, kisha aushonee kwa waya mwembamba ukanda uliokatwa katika mtungi wa manjano. Rangi isingalihitajika hata tone.

Tazama basi, msomaji, ni masomo mangapi nilikuwa nimeyatupa shimoni. Namba 24 peke yake yatosha kipindi kizima. Wajenzi wa mifano waliirithi kwa Waingereza, kwa kuwa nusu inchi ni sehemu ya 24 ya futi. Ukipunguza urefu wa gari mara 24, eneo la kupakwa rangi hupungua mara 576, na nafasi iliyomo ndani hupungua mara 13,824. Kijana aliyeuona ukweli huo mkononi mwake hatausahau katika mtihani. Lakini liko jambo moja ambalo halikubali kupunguzwa, nalo ni unene wa rangi. Rangi iliyopakwa kwa unene wa sehemu ya kumi ya milimita haionekani kuwa nene machoni petu. Ila juu ya gari la kipimo hicho ni sawa na kulipaka gari halisi rangi ya unene wa milimita 2.4, yaani kulipiga lipu kama ukuta! Ndiyo sababu mafundi wa kazi hii huichuja rangi yao, huinyunyiza kama ukungu, na hungoja ikauke kabla ya kurudia. Subira hiyo haikutoka katika hotuba ya mwalimu mkuu.

Watu wengine hudhani kwamba kazi hii haina heshima mahali popote. Mwaka 1949 kampuni ya Airfix ya Uingereza iliunda mfano wa trekta la Ferguson ili kulitangaza trekta lenyewe, na baadaye mfano huo ukauzwa vipande vipande, mnunuzi aviunganishe mwenyewe. Kampuni ya Tamiya, ya mji wa Shizuoka katika Japani, ilianza kwa biashara ya mbao, ikaunda mifano ya miti, na mwaka 1960 ikaingia katika plastiki. Leo jina lake linajulikana dunia nzima. Na sikilizeni hili, enyi mnaotupa magari mashimoni. Kampuni za Japani zimetoa mfano wa Datsun 240Z, gari lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1971 na tena mwaka 1973, katika njia za Afrika ya Mashariki. Wapo watu wazima wenye kazi zao na ndevu zao ambao huketi jioni, maelfu ya kilomita kutoka hapa, wakichanganya rangi ili wapate wekundu halisi wa vumbi letu na kulipaka ubavuni mwa gari la shubiri moja. Vumbi letu linaheshimiwa mezani kwao, na mwana wetu mwenye kulikanyaga tunamfukuza!

Sisemi kwamba sanduku la vipande ni kitu kibaya. Humfundisha mtu kusoma mchoro na kufuata mpango, na anayeweza kulipata na alipate. Walakini mwenye sanduku hujibu maswali aliyokwisha kutungiwa, na mwenye mtungi hana budi kuyatunga mwenyewe. Kama ningelazimishwa kuchagua mwanafunzi mmoja kati ya hao wawili, ningemchagua wa mtungi, na nisingeomba radhi.

Nitaambiwa: je, mtihani? Najibu kwamba sijamwona kijana aliyeanguka kwa sababu ya gari la waya. Nimewaona wengi walioanguka kwa kukariri kanuni ya uwiano bila kuwahi kupima hata dirisha. Tena wanaonilaumu hawaoni kinyaa kwa jambo baya zaidi. Mtaala wa Umilisi ulipoenea nchini kote mwaka 2019, watoto wakaanza kupewa kazi za mikono za kufanyia nyumbani, jambo jema sana. Je, ikawaje? Katika nyumba nyingi mzazi alimwendea fundi, akalipa, na mtoto akapeleka shuleni kitu asichojua hata kilivyofungwa misumari. Mimi mwenyewe nimepata kutoa alama 9 kwa 10 kwa lori la mbao ambalo mwenye kulileta hakuweza kunionyesha ekseli iko wapi. Fundi wake, nionavyo, angestahili cheti. Gari la wizi hupewa alama, na gari la halali hupewa moto. Huo ndio upuuzi ninaoupiga vita.

Viko viwanda Thika na Mombasa ambako malori na mabasi huunganishwa kwa vipande vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Nayo ni kazi ya halali, inayolisha watu. Lakini ni kazi ya sanduku. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari machache ya Nyayo yakaonyeshwa hadharani Kasarani. Hayakuingia sokoni kamwe. Sababu zilikuwa nyingi, fedha mojawapo, nami sithubutu kusema kwamba mradi uliangushwa na walimu wenye viberiti. Nauliza tu: wale wataalamu, walipokuwa na umri wa miaka 14, nani aliwaruhusu kukosea ukanda mmoja wa rangi na kuurudia?

Na wasichana je? Desturi imewaachia wanasesere wa magunzi, na magari tukayafanya mali ya wavulana, kwa hoja ambayo sijaisikia bado. Katika darasa langu la sasa mkono mtulivu kuliko yote ni wa msichana. Aliandika jina la matatu ubavuni, herufi za milimita tatu, kwa unyoya wa kuku uliochongwa ncha. Wavulana wawili walimletea magari yao usiku uleule.

Mwalimu mkuu wetu amenipa meza moja nyuma ya maabara, ile yenye mguu mbovu. Alhamisi baada ya vipindi iko wazi, mpaka kengele ya chakula. Tunayo misumeno miwili, utepe wa kupimia, msasa wa kutosha na mitungi tele. Rangi tumebakiwa na nyeupe na kidogo ya buluu, na brashi zimekwisha kunyonyoka. Mwenye ya zamani nyumbani asiitupe, ailete.