Kuoana kwa rangi si kuoana kwa umeme

Wapo watakaoshangaa kwamba mtu wa makamo, tena mwenye kulipwa mshahara wa chuo kikuu, angali anahangaikia mashine ya kuchezea sidii katika zama hizi ambapo kila mwanafunzi amebeba nyimbo za dunia nzima ndani ya simu yake. Sababu yangu ni nyepesi. Kabatini mwa afisi yangu mna sidii zaidi ya 60 zenye sauti za wazee niliowarekodi kwa kanda nilipokuwa nikifanya utafiti wa lahaja, na ambazo baadaye zilihamishwa kutoka kwenye kanda kabla hazijaliwa na ukungu. Wengi wa wazee hao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Nilitaka wanafunzi wangu wazisikie sauti hizo darasani kwa chombo kitakachoitenga bayana t ya meno na t ya ufizi, tofauti ambayo Wamvita huitamka bila kujitaabisha ilhali maandishi yetu sanifu hayaionyeshi kamwe. Spika ya simu haiwezi kazi hiyo.

Basi Jumamosi moja nikashika njia hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi, ambako maduka ya redio na vyombo vya muziki yamebanana bega kwa bega. Vyombo vipya vilinishinda bei, nikageukia vilivyokwisha kutumiwa. Katika duka moja nilipokewa na kijana mchangamfu aliyeniita mwalimu kabla sijajitambulisha. Akanionyesha vyombo viwili vilivyopandana, mashine ya sidii juu, amplifaya chini. Vyote vilikuwa na rangi moja ya fedha, upana mmoja, na jina moja la kampuni lililoandikwa kwa herufi zilezile.

"Hizi, mwalimu, zimeoana," akasema. "Ukizitenganisha utakuwa umevunja nyumba ya watu."

Akaviwasha. Muziki ukatoka safi, hauna mkwaruzo. Nikapunguza bei kidogo kwa ajili ya heshima ya soko, nikalipa Sh18,000, nikaenda zangu nyumbani nikiwa kama bwana harusi.

Nyumbani, binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa Kidato cha Tatu, alinisaidia kuviunganisha. Tulipowasha, mashine ya sidii ilimulika, ikahesabu nyimbo zake vyema. Amplifaya iliguruma mara moja, ikatoa harufu ya rangi iliyoungua, kisha ikanyamaza kimya. Tulipoigeuza tukaona kibandiko kidogo mgongoni mwake: 100V. Kibandiko cha mashine ya sidii kilisema 240V. Vyombo vile vilikuwa vya kampuni moja, lakini kimoja kilitengenezwa kuuzwa Uingereza na kingine kuuzwa Japani, ambako umeme wa majumbani ni volti 100. Wetu Kenya ni volti 240.

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mimi ninaye macho, na kazi inayonilisha ni kuyasoma na kuyachambua maneno. Hata hivyo nilisoma jina la kampuni mbele na sikusoma kibandiko nyuma.

Jumatatu nilirejea dukani nikiwa nimejaa maneno makali. Yule kijana hakubabaika. Aliinama, akaniashiria nitazame chini ya meza yake. Hapo palikuwa na kisanduku kizito cheusi, transfoma ya kuishusha volti 240 kuwa 100, ambayo ndiyo iliyoilisha amplifaya siku ile nilipoijaribu. "Hukuuliza, mwalimu," akasema. "Ungeuliza ningekuuzia na transfoma." Maneno makali yaliniishia kinywani. Angepaswa kuniambia, naam, lakini hakunidanganya hata neno moja. Aliponiambia kwamba zimeoana alikuwa na maana yake, nami nilipokubali nilikuwa na maana yangu, na hakuna kati yetu aliyemwuliza mwenzake zimeoana kwa lipi.

Hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Neno kuoana, msomaji, ni neno zuri, lakini kwa mfanyabiashara aghalabu lina maana ya sura: rangi, upana na jina. Kwa umeme, kuoana ni mambo mengine kabisa, na yeyote atakayekwenda kununua vyombo vya aina hii yampasa ayajue.

La kwanza ni volti. Kila chombo kisomwe mgongoni peke yake, hata kama vinafanana kama pacha. Kilichotoka Japani hudai 100, cha Marekani hudai 120 au karibu yake, na cha Uingereza aghalabu hukubaliana na umeme wetu. La pili ni nguvu ya sauti inayotoka katika chombo kimoja kuingia katika kingine. Mashine ya sidii, inapotoa sauti yake ya juu kabisa, hutoa takriban volti 2, ilhali sindano ya santuri za zamani hutoa sehemu chache tu za elfu moja ya volti. Kwa hiyo tundu la amplifaya lililoandikwa PHONO ni la santuri. Ukiichomeka sidii humo, sauti itatoka imepasuka na utamlaumu fundi bure. Tundu la sidii huandikwa CD, na lisipokuwapo, lile la AUX litafaa. La tatu ni ukinzani wa spika, unaopimwa kwa omu. Amplifaya iliyoandikwa kwamba inataka spika za omu 8 au zaidi ikifungwa spika za omu 4, itasukuma mkondo mkubwa kuliko uwezo wake, itapata joto, na siku moja itaungua.

Fauka ya hayo, mashine ya sidii ina jicho la leza, na jicho huzeeka. Nenda dukani na sidii yako mwenyewe, hasa ile iliyorekodiwa kwa kompyuta, kwa maana mashine nyingi za zamani huisoma sidii ya kiwandani bila taabu na kuikataa iliyorekodiwa nyumbani. Zile zinazoweza kufutwa na kurekodiwa upya ndizo zinazokataliwa zaidi, kwa kuwa hurudisha mwanga hafifu. Tena usiridhike na wimbo wa kwanza. Sidii husomwa kuanzia ndani kuelekea ukingoni, na kasoro nyingine hazijitokezi ila katika nyimbo za mwisho. Kwa upande wa amplifaya, zungusha kila kitufe polepole usikilize kama pana mkwaruzo, hakikisha spika ya kushoto na ya kulia zote zinalia, kisha iache inguruma nusu saa uguse kifuniko chake. Muuzaji atakayekasirika kwa sababu ya nusu saa amekwisha kukujibu.

Sasa nirudi kwa binti yangu. Tulipokiona kile kibandiko, alinyamaza kidogo, kisha akaikariri kwa Kiingereza kanuni ya fizikia inayosema kwamba, ukinzani usipobadilika, nguvu ya umeme huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti. Akapiga hesabu kichwani: 240 kwa 100 ni 2.4, na 2.4 mara 2.4 ni 5.76. Maana yake ni kwamba tulikilisha chombo karibu mara sita ya stahili yake. Transfoma si pasi na mambo yake yana mengi zaidi ya hayo, lakini hesabu hiyo yatosha kumfanya mtu auondoe mkono wake kwenye swichi. Nilimwuliza kwa nini hakuyasema hayo mapema. Jibu lake sitalisahau: "Baba, hayo ni ya mtihani."

Simlaumu. Alifundishwa umeme kwa lugha moja, na maisha yake nyumbani, barabarani na sokoni yanaendeshwa kwa lugha nyingine. Baina ya lugha hizo mbili hapana daraja, na katika pengo hilo ndimo Sh18,000 zangu zilimotumbukia. Mimi na yule kijana tulijadiliana kwa Kiswahili tangu salamu hadi kutoa noti. Tuliongea juu ya uzuri, bei, asili na ndoa ya vyombo. Volti haikutajwa kwa sababu hakuna mmoja wetu aliyezoea kuitaja kwa lugha ya mapatano.

Watu watasema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Kwa kiasi fulani ni kweli kwamba kamusi hukimbizwa na mashine. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka wa 1981, na mashine ya kwanza ya sidii ikaanza kuuzwa madukani nchini Japani mwaka wa 1982. Ni kweli pia kwamba tuna maneno yenye utata. Kipaza sauti kwa wengine ni kile anachokishika mhubiri mkononi, kwa wengine ni kile kinacholia juu ya paa la msikiti, na wapo wanaoliita jina hilohilo lile sanduku lililo katikati ya hivyo viwili, ambalo wataalamu wangependa liitwe kikuza sauti. Lakini tusijifiche nyuma ya utata huo. Volti, wati, mkondo na ukinzani ni maneno yaliyokwisha kuzoeleka katika maandishi, na tangu 1990 iko kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno tunayo. Tulichokosa ni mazoea ya kuyatumia mahali pesa zinapobadilisha mikono.

Ushahidi niliupata kwa fundi aliyeitengeneza amplifaya yangu. Aliifungua, akaitoa transfoma iliyokuwa imeungua, akaeleza kwamba ataisuka upya kwa waya mwembamba zaidi, mizunguko mingi zaidi, ili ikubali stima yetu. "Mashine hii hula mia moja," akaniambia. "Uliilisha mia mbili na arobaini, ikavimbiwa." Kwa maneno hayo machache nilielewa yale ambayo vitabu vya shuleni havikunifundisha miaka ile. Fundi alinitoza Sh4,500, nami naihesabu kuwa karo ya somo lile.

Wapo wenzangu watakaoona hatari hapa. Watasema kwamba tukiingiza Kiswahili katika sayansi tutawafungia watoto wetu milango ya ulimwengu. Hoja hiyo naiheshimu, na sisemi Kiingereza kiondolewe katika maabara. Nasema tu kwamba anayeijua kanuni kwa lugha moja ya mtihani, na hawezi kumwelezea nyanya yake kwa nini redio iliyoletwa kutoka Japani isichomekwe ukutani, hajaijua kanuni hiyo bado. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unadai kwamba mwanafunzi aweze kulitenda alilojifunza. Kununua ni tendo, na katika nchi yetu tendo hilo hufanywa kwa Kiswahili mara nyingi kuliko kwa Kiingereza.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Walimu wa Kiswahili, siku moja katika muhula leteni darasani chombo kibovu cha umeme, mwaamuru wanafunzi wasome kibandiko chake na waandike insha ya maelezo kwa mnunuzi asiyejua lolote. Insha hiyo itawafaa kuliko ile ya harusi niliyoihudhuria. Walimu wa fizikia, mkimaliza kufundisha mada, tengeni dakika tano mwanafunzi aieleze kwa Kiswahili kana kwamba yuko dukani. Hamtapoteza muda, kwani atakayekwama atakuwa amewaonyesha mahali hasa ambapo hakuelewa.

Ombi la tatu ni kwa wauzaji. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili aifaidi bidhaa aliyoinunua, na Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ukiviunganisha vifungu hivyo viwili utaona kwamba si ajabu kumtaka mwenye duka aning'inize juu ya kila chombo kilichotumiwa kadi ndogo ya Kiswahili: kimetoka nchi gani, kinataka volti ngapi, kimejaribiwa kwa kitu gani, na kasoro yake ni ipi. Kadi hiyo haitamgharimu zaidi ya bei ya kalamu, na itamwepusha na wateja wa Jumatatu.

Hadi siku hiyo itakapofika, tusichoke kuuliza, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Muuzaji akikuambia kwamba vyombo vyake vimeoana, mpongeze, kisha viombe vigeuzwe migongo uvisome kabla ya kulipa mahari.