Kawi si Nishati: Funzo la Gari-Nyumba kwa Wanaistilahi

Mijadala ya istilahi haijawahi kukosa mashabiki katika vyama vyetu vya Kiswahili. Tumekesha tukibishana iwapo mashine fulani iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, ilhali mashine yenyewe ni moja na kila mmoja wetu huitambua anapoiona. Makala haya yanalenga tatizo lililo kinyume cha hilo. Zipo dhana mbili ambazo sayansi haikubali zichanganywe, nasi tumezitia katika kapu moja. Ya kwanza ni kiasi cha umeme kilichopo au kilichotumika. Ya pili ni kasi ambayo kwayo umeme huo unatumika. Maneno ya kuzitenganisha tunayo, nayo ni nishati na kawi. Kosa letu ni kuyafanya visawe.

Ushahidi hauko mbali. Tanzania ina Wizara ya Nishati. Nchini Kenya, magazeti na redio hutuarifu kuhusu Wizara ya Kawi. Wizara hizo mbili hushughulikia mambo yaleyale, kwa hivyo mwanafunzi huhitimisha kwamba nishati ni Kiswahili cha Dar es Salaam na kawi ni Kiswahili cha Nairobi. Anapoihitaji ile dhana ya pili, hukimbilia neno "nguvu", ambalo tayari limebebeshwa mzigo wa misuli, mamlaka, dawa na hata volti. Matokeo yake ni kwamba muuzaji wa vifaa vya sola hunadi "betri ya wati 100" bila haya, na mnunuzi hulipa bila kujua kwamba maneno hayo hayamwambii taa yake itawaka kwa saa ngapi.

Pendekezo langu ni kwamba nishati iwe jina la kiasi, kipimwacho kwa wati-saa, na kawi iwe jina la kasi, ipimwayo kwa wati. Huenda msomaji akadhani kwamba huku ni kupasua unywele. Ili kuonyesha kwamba sivyo, na tulitazame gari-nyumba, yaani lile gari kubwa lenye kitanda, jiko, jokofu na bafu, ambalo maelfu ya watu nchini Marekani, wengi wao wakiwa wastaafu, huzurura nalo kutoka jimbo hadi jimbo. Nimelichagua kwa sababu ndani yake umeme una ukingo na una sakafu. Aliyemo humo hukutana na dhana zetu mbili kila siku, tena hukutana nazo mahali pawili tofauti.

Mahali pa kwanza ni kambi ya kulipia, ambako gari huunganishwa na umeme wa gridi kwa waya mnene. Unganisho lililozoeleka huko ni la volti 120 na ampea 30. Ukizidisha, utapata wati 3,600. Sasa chukua kiyoyozi cha wati 1,500, mikrowevu inayovuta wati 1,500 na hita ya maji ya wati 1,400. Vikiwashwa kwa pamoja, jumla ni wati 4,400, na vikiendelea hivyo swichi ya usalama hujikata. Kiza kinapoingia, je, msafiri ameishiwa na umeme? La hasha. Gridi iliyo nyuma ya waya ule haina dalili ya kukauka. Kilichomshinda ni kasi, yaani kawi. Tiba yake ni kupanga zamu: hita izimwe kwanza, mikrowevu ifanye kazi yake ya dakika tano, kisha hita iwashwe tena. Wanafunzi waliowahi kuishi katika mabweni ambamo watu watano huchomeka koili za kuchemshia maji kwa wakati mmoja hawahitaji mhadhara zaidi kuhusu jambo hili.

Mahali pa pili ni nyikani. Kila majira ya baridi, magari-nyumba mengi hupiga kambi katika ardhi ya umma karibu na mji mdogo wa Quartzsite, katika jangwa la Arizona. Huko hakuna waya wa gridi. Kuna betri, paneli za sola na, kwa wengine, jenereta. Hapa swali hugeuka. Si tena "vifaa vingapi kwa pamoja?" bali "kwa muda gani?"

Tuchukue betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 100. Nishati iliyomo ni zao la namba hizo mbili, yaani wati-saa 1,200. Hata hivyo, betri ya aina hii hufa mapema ikizoezwa kukomba hadi mwisho, hivyo mwenye busara hutumia nusu tu. Amebakiwa na wati-saa 600. Za lithiamu huvumilia kutumiwa hadi asilimia 80 au zaidi, lakini bei yake nayo ni ya juu.

Hebu sasa tufungue daftari la siku moja. Jokofu dogo huvuta wati 45 linaponguruma. Likinguruma kwa jumla ya saa 10 katika saa 24, limekula wati-saa 450. Taa nne za wati 5 zikiwaka kwa saa 5 ni wati-saa 100. Simu mbili zikichajiwa, tuseme 30. Jumla ni 580, na msafiri amelala salama. Lakini inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, imesahauliwa ikiwa imewashwa bila kazi yoyote. Hata isipohudumia kifaa chochote huweza kuvuta wati 10. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 240. Jumla imekuwa 820, na betri imekopwa kuliko inavyofaa. Hapo ndipo tunapoona ukweli wa methali kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Linganisha hayo na birika la umeme la wati 1,500. Msafiri mgeni huliogopa kwa sababu ya kishindo chake, na ana sababu: kwa betri ya volti 12, birika hilo hudai ampea 125, kiasi cha kuyatia moto maungo ya waya mwembamba na kuishusha volti ya betri ndogo hata inveta ikajizima. Hata hivyo, likichemsha kwa dakika sita tu, limetumia wati-saa 150, ukiacha kidogo kinachopotea katika inveta. Jokofu, ambalo hakuna anayelitilia shaka, limetumia mara tatu ya hizo. Birika lina kawi kubwa na nishati ndogo; jokofu lina kawi ndogo na nishati kubwa. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Na sasa namwomba msomaji aijaribu sentensi hiyo ya birika na jokofu kwa kutumia neno moja. Aseme: "Birika lina nishati kubwa na nishati ndogo." Au kwa lile jingine: "Jokofu lina nguvu ndogo na nguvu kubwa." Lugha imekwama. Haijakwama kwa umaskini, kwa maana maneno yamo ghalani. Imekwama kwa sababu wenye ghala wameyafunga mzigo mmoja.

Wako watakaopinga. Wa kwanza watasema kwamba gari-nyumba ni anasa ya ughaibuni na halimhusu Mkenya. Lakini hesabu ya Quartzsite ndiyo ile ile ya nyumba iliyo mbali na gridi kule Turkana, ya zahanati inayohifadhi chanjo kwa jokofu la sola, na ya mhudumu wa bodaboda ya umeme anayepima kama betri itamfikisha. Tena, Wakenya waliiishi hesabu hii zamani, pale familia nyingi za mashambani zilipotazama televisheni kwa betri ya gari na kuipeleka sokoni kuchajiwa. Betri ngapi zilikufa kabla ya wakati kwa sababu hakuna aliyemweleza mwenyewe, kwa lugha aliyoielewa, kwamba nusu ya chini si ya kuguswa?

Wa pili watasema kwamba lugha haiamrishwi, na kwamba kawi imekwisha kuzoeleka nchini Kenya kwa maana ya nishati. Hoja hii ni nzito, nami siibezi. Ni kweli kwamba umma ndio unaoipa istilahi uhai, kama ulivyolipa uhai neno "stima" bila kutuomba ruhusa. Hata hivyo, istilahi ya kitaaluma haipokonyi mazungumzo uhuru wake. Fizikia inayo "kazi" yake isiyo sawa na kazi ya kuajiriwa, wala hakuna aliyepotea njia kwa hilo. Wizara na ibaki na jina lake. Kitabu cha kiada na kijikaratasi cha maelezo ya betri vitenganishe.

Wanachama wenzangu, Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo ili kushughulikia tofauti kama hizi za Nairobi na Dar es Salaam. Lakini kamisheni haiwezi kusanifisha kile ambacho hakijaandikwa. Chama chetu kinaweza kuanza na kazi ndogo yenye manufaa: ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu, wa kumwelekeza mwenye paneli moja na betri moja jinsi ya kuhesabu nishati aliyo nayo na kawi anayoruhusiwa kuvuta. Ukurasa huo uandikwe na mwanafunzi wa isimu akiketi na mwanafunzi wa uhandisi, kisha usomewe mtu asiyekuwa mwanafunzi kabisa. Akielewa kwa nini birika lilizima inveta ilhali jokofu ndilo lililomaliza betri, istilahi zetu zimefaulu. Asipoelewa, turudi mezani.