Pikipiki Ina Bima, Mwanao Hana

Tumezoea vibaya, ndugu zangu. Mtu akilazwa leo, kesho asubuhi limefunguliwa kundi la michango: jina la mgonjwa juu, namba ya kutuma pesa chini, na orodha ya waliotoa ikirefuka kila saa. Huyu elfu tano, yule elfu kumi, wengine ahadi tu. Wema huo siulaumu, ndio utu wetu. Kinachonikera ni kwamba mgonjwa mwenyewe ni fundi hodari, hakosi kazi, ana mke na watoto wanne, na miaka yote hiyo hajawahi kuikatia familia yake bima ya afya.

Ukimuuliza, atakujibu kwa methali: ajali haina kinga. Ni kweli, lakini deni la hospitali lina kinga. Anayemtegemea Mungu hamjaribu. Nabii Yusufu alipojulishwa kwamba njaa inakuja, hakukaa kusubiri muujiza. Alijaza maghala miaka ya neema. Na wazee wetu, ambao hawakuwa na kadi wala kompyuta, walituachia maneno ya kutosha: akiba haiozi, usipoziba ufa utajenga ukuta, majuto ni mjukuu. Tunayasema misibani, tukirudi nyumbani tunayasahau.

Mtazame kijana wa bodaboda. Bima ndogo ya pikipiki anakata kila mwaka, maana anamjua trafiki wa pale njia panda. Pikipiki ina bima, lakini anayeiendesha hana, mkewe hana, na mtoto aliyebebwa mgongoni hana. Kumbe tunaweza kulipa. Tunamwogopa trafiki kuliko tunavyoiogopa homa ya usiku wa manane.

Mtumishi wa serikali, tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001, anakatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri anaongeza asilimia 3. Kwa kadi ya Mfuko huo anatibiwa yeye, mwenzi wake na wategemezi hadi wanne. Si kwamba ana busara kukushinda. Anakatwa kabla fedha hazijamfikia mkononi. Wewe uliyejiajiri, mwajiri ni wewe na mhasibu ni wewe. Umeweza kusimamisha biashara bila mkopo wa mtu, unaamka alfajiri kuliko wenye ofisi, unasomesha watoto. Mtu wa namna hiyo anashindwaje kujikata mwenyewe?

Mtasema bima ni ghali. Kwa vifurushi vya Mfuko huo vya mwaka 2019 nawaunga mkono: vilianzia Sh192,000 kwa kijana mmoja kwa mwaka, na kadiri umri na familia vilivyoongezeka ndivyo bei ilivyopanda. Muuza mitumba hawezi kutoa fedha hizo kwa mkupuo. Lakini Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulipokuja mikoani, kaya ya watu sita ilitakiwa Sh30,000 kwa mwaka mzima, yaani chini ya Sh100 kwa siku. Wangapi walijiunga kijijini kwako?

Tena wengine walijiunga kwa hila. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa, ilikuwa Sh50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi wakakaa kimya mtoto akiwa mzima, akianza kuugua wakakimbilia kumsajili. Bima ni wazima kumchangia mgonjwa, ili zamu yao ikifika nao wachangiwe. Wakiingia wagonjwa peke yao, mfuko unaelemewa. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, na wazazi waaminifu wakaumia pamoja na wajanja.

Na harusi! Hili siwezi kulinyamazia. Jirani yangu fundi cherehani aliuza mashine mbili kati ya tatu alizokuwa nazo ili mwanawe apasuliwe henia. Nilipokwenda kumpa pole, ukutani juu ya mashine iliyobaki zilikuwa zimebandikwa kadi za mchango wa harusi: mtu mmoja Sh50,000, mume na mke Sh100,000. Zote alikuwa amezilipa, kwa kuogopa kusemwa. Kamati ya harusi inakufuata hadi dukani, inakupigia simu usiku, na wewe unatoa ili watu wale na kucheza mpaka saa sita. Aibu ya kutotoa mchango tunaiona, ya kukosa fedha za kumtibu mtoto hatuioni mpaka itufike.

Nanyi wahudumu wa vituo, mwanachama akifika na kadi akaambiwa dawa akanunue nje, mmemvunja moyo yeye na kijiwe chake chote. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sheria haimtibu mtu kama kabati la dawa ni tupu.

Akina mama wa vikoba, ninyi ndio nawategemea, maana haba na haba mnaijua kuliko sisi wanaume. Fungueni mfuko wa pembeni wa bima, kila mmoja aweke kidogo kila wiki, na mwaka ukigeuka mlipe kwa pamoja. Na wanaume wenzangu, kafuateni vyeti vya kuzaliwa vya watoto wenu kwa wakala wa usajili, RITA, sasa, wakiwa wazima, kwa sababu siku ya kuandikisha familia kwenye bima mtaulizwa.