Gundi ya bomba si gundi tu

Ni jambo la kustaajabisha kwamba shule hutumia fedha nyingi kununua mabomba ya plastiki, kisha kazi nzima ikaharibiwa na mkebe mdogo wa gundi. Nimeyaona hayo katika taasisi kadhaa nilizozuru: bomba ni zima, kiungo ni kizima, lakini maji yanachuruzika pale vinapokutana. Fundi hulaumiwa, na mwenye duka vilevile. Mimi, nikiwa mwanaisimu, nathubutu kulilaumu neno lenyewe.

Gundi tuijuayo tangu utotoni ni utomvu wa mti. Hukaa baina ya karatasi mbili ikazishikanisha, nazo karatasi zikabaki zilivyo. Gundi ya bomba la PVC haifanyi hivyo hata kidogo. Ndani yake mna viyeyushi, kama vile tetrahaidrofurani, ambavyo huulainisha uso wa bomba na wa kiungo. Viyeyushi vikisha kupaa hewani, plastiki ya huku na ya huko huwa zimeingiliana zikawa kitu kimoja. Ndiyo maana fundi hodari hupaka upesi, hulitia bomba, hulizungusha kidogo, kisha hulishikilia kwa nusu dakika hivi lisije likajisukuma nje.

Mwanafunzi wa kemia akilielewa hilo, mengi yaliyosalia atayakisia mwenyewe. Kila plastiki ina kiyeyushi kiifaacho. PVC ya kawaida haistahimili maji yapitayo nyuzi 60 za Selsiasi. CPVC hufika nyuzi 93, ndiyo maana hutumiwa kwa maji moto, nayo ina gundi yake mahususi. Yale mabomba meusi ya polithini hayashikwi na gundi ya namna hii, kwani viyeyushi vyake haviyalainishi; huunganishwa kwa joto au kwa viungo vya kukaza. PPR nayo huyeyushwa kwa chuma cha umeme. Hata hivyo, nimewahi kumwona mtu akiipaka PPR gundi ya PVC, kisha akangoja imani imtendee kazi!

Isitoshe, bomba pana huhitaji gundi nzito ikaukayo polepole, ipate kujaza nafasi iliyopo. Katika joto la Mombasa au Garissa, ile ikaukayo haraka huweza kukauka kabla bomba halijaingia. Na gundi iliyokwisha kuganda mkebeni mithili ya uji uliolala, haifufuliwi kwa kutiwa thina. Itupwe.

Maelezo haya aghalabu huwa mkebeni, lakini kwa Kiingereza cha herufi ndogo mno, ilhali mafundi wetu wengi walijifunza kazi kwa Kiswahili, mikononi mwa mafundi wenzao. Dukani husema "nipe gundi ya bomba", wakapewa iliyo karibu. Napendekeza walimu wa Kiswahili na wa ufundi waketi pamoja waitenge istilahi: "gundi yeyushi ya PVC", "gundi yeyushi ya CPVC", na kwa polithini na PPR, "kuunga kwa joto". Wanafunzi nao waandike maelezo ya mkebe mmoja kwa Kiswahili na kuyabandika karakana, wasisahau onyo la kufungua madirisha na kutowasha moto, kwa maana mvuke wa viyeyushi hivyo hushika moto upesi.