Uchambuzi: Hasara ya viwanda iliyojificha katika mashine zilizosimama

Gharama za uzalishaji zinapopanda, wenye viwanda hulaumu umeme, kodi na uchakavu wa mitambo. Ipo hasara nyingine isiyoandikwa kwenye ankara yoyote: muda ambao mashine husimama huku mafundi wakiiandaa kutengeneza bidhaa ya aina nyingine.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mashine inayotoa kipande kimoja kwa dakika, lakini ikahitaji saa 4 za maandalizi. Ikitengeneza vipande 100 tu, kila kimoja kitakuwa kimetumia wastani wa dakika 3.4. Ikitengeneza 1,000, wastani hushuka hadi dakika 1.24. Ndiyo maana mameneja hupendelea mikupuo mikubwa, hata pale ambapo wateja hawajaagiza. Matokeo yake ni ghala kujaa, fedha kulala na mteja wa bidhaa nyingine kuambiwa asubiri.

Wajapani walikabiliwa na tatizo hilo baada ya vita. Soko lao la magari lilikuwa dogo na lilitaka aina nyingi kwa idadi ndogo, hivyo mikupuo mikubwa ya mtindo wa Marekani isingewafaa. Mwaka 1950, mhandisi Shigeo Shingo alipokuwa akichunguza kazi katika kiwanda cha Toyo Kogyo, ambacho leo ni Mazda, mjini Hiroshima, alishuhudia mashine kubwa ikisimama kwa zaidi ya saa moja kwa sababu fundi alikuwa akitafuta bolti moja iliyokosekana.

Hapo ndipo alipozigawa kazi za maandalizi katika mafungu mawili: zile zisizofanyika ila mashine ikiwa imezimwa, na zile zinazoweza kukamilishwa ingali inafanya kazi. Kutafuta spana, kuhesabu bolti na kusogeza kalibu, yaani chuma kinacholipa bati umbo, ni za fungu la pili. Hakuna sababu ya kuzima mtambo kwa ajili yake.

Ushahidi mkubwa ulipatikana Toyota mwaka 1969. Kubadilisha kalibu za mashine ya kukandamiza bati yenye nguvu ya tani 1,000 kulichukua saa 4. Kwa maelezo ya Shingo mwenyewe, muda huo ulishushwa hadi dakika 90 katika miezi 6, na miezi 3 baadaye ukafika dakika 3. Mashine ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni utaratibu na vifaa vya kufungia.

Somo hilo lina uzito Afrika Mashariki, ambako viwanda vingi navyo huhudumia masoko madogo yenye mahitaji mchanganyiko. Tanzania ilianza kueneza kaizen, falsafa ya Kijapani ya maboresho ya hatua kwa hatua, mwaka 2013 kwa msaada wa Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani (JICA).

Hata hivyo, mafanikio yatategemea matumizi ya saa zitakazookolewa. Zikitumika kurundika bidhaa zaidi ghalani, hakuna kitakachokuwa kimepatikana. Zikitumika kupunguza wafanyakazi, mafundi watayaficha wanayoyajua, na anayejua kwa nini bolti inachelewa kukaza ni yule anayeikaza kila siku. Faida ya kweli iko katika kubadilisha bidhaa mara nyingi zaidi, kwa mikupuo midogo, ili mteja apate anachotaka mapema.

Hatua ya kwanza haihitaji mkopo wa benki: ni saa ya mkononi, kalamu na uamuzi wa kuandika kila dakika ambayo mashine imesimama, pamoja na sababu yake. Wahenga walikwishaonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Muda wa kiwanda nao ni mali.