Epoksi ya jikoni: Hatari iko kwenye chupa iliyopimwa upya

Tangu Januari 20, 2025, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku bisfenoli A katika vifaa na mipako inayogusa chakula, ingawa viwanda vimepewa muda wa mpito. Kemikali hiyo ndiyo malighafi ya epoksi nyingi, ile gundi ya majimaji ambayo mafundi samani humwaga juu ya mbao kupata kaunta za jikoni na meza za migahawa zinazong'aa kama kioo.

Sheria ya Ulaya haimfungi muuzaji wa Arusha wala Kampala. Lakini inamwongezea mteja wa hoteli sababu ya kuuliza karatasi, na hapo ndipo wengi hukwama. Neno “FDA” kwenye kopo halitoshi. Kanuni ya Marekani inayohusika, namba 175.300, hutaja kemikali zinazoruhusiwa na kiasi kinachoweza kuchujuka kutoka kwenye mpako uliokwisha kukauka. Si kibali cha chapa fulani. Karatasi ya kudai kwa msambazaji ni ripoti ya maabara inayotaja bidhaa hiyo hiyo pamoja na dawa yake ya kugandisha.

Tatizo kubwa zaidi huzaliwa huku huku. Pipa hufunguliwa, epoksi ikagawanywa kwenye chupa ndogo za maji, na namba ya toleo ikapotea pamoja na maelezo ya uwiano. Kuna epoksi zinazochanganywa moja kwa moja, nyingine mbili kwa moja. Nyingine hupimwa kwa ujazo, nyingine kwa uzito. Fundi asiyejua hukisia, au huongeza dawa ya kugandisha akidhani itakauka haraka. Haikauki haraka. Kinachozidi hubaki ndani bila kuungana, na hicho ndicho kinachoweza kuingia kwenye chakula. Kwa hiyo hata epoksi yenye ripoti safi huharibiwa na chupa isiyo na lebo. Rangi na vumbi la kumetameta vikiongezwa, ripoti ya epoksi tupu haivihusu tena.

Muda nao hupuuzwa. Uso ulio mkavu kwa kidole kesho yake bado haujaiva. Watengenezaji wengi hutaka siku saba, wengine hadi 30, kabla ya kugusa chakula. Hata ukiiva, si ubao wa kukatia nyama, na sufuria iliyotoka motoni isiwekwe bila kitu chini yake, kwani epoksi nyingi za kawaida huanza kulainika karibu na nyuzijoto 60.

Mpakani, wadogo hukosea jambo moja: cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Epoksi ya China iliyopakiwa upya Nairobi bado ni ya China.